Mwongozo kamili wa kuchagua gari jipya la familia, na namna ya kuamua kama liwe la umeme

Wengi wetu huanza kutafuta gari kwa kuangalia picha. Unalipenda moja, kisha unatumia mwezi mzima kujitafutia sababu za kulinunua. Mwongozo huu unapita njia nyingine: unaanza na maisha ya familia yalivyo, gari linakuja baadaye. Suala la umeme nimeliweka mapema kwa makusudi. Jibu lake hulipati kwenye tangazo wala kwenye ubishi wa mashabiki, linategemea zaidi mahali gari litakapokuwa linalala usiku.

Hatua ya 1: Andika safari zenu zilivyo, si mnavyozifikiria

Kwa wiki mbili hivi, andika kila jioni: kilomita za siku hiyo, watu waliopanda, na mizigo iliyobebwa. Kama bado hamna gari, ramani ya simu inatosha kupima umbali. Chini yake orodhesha safari ndefu za mwaka uliopita, kilomita zake na mara mlizosimama njiani.

Utabaki na namba mbili za maana: siku ya kawaida na siku ndefu kuliko zote. Familia nyingi hununua kwa ajili ya ile ya pili. Wanachukua gari kubwa la viti saba kwa sababu ya wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, halafu siku zote zilizobaki wanazungusha mjini viti vitatu vitupu, wakivilipia kwa mafuta, tairi na bima. Kukodi gari kubwa kwa siku hizo chache mara nyingi ni nafuu. Ila kama bibi na wajukuu wanapanda kila mwisho wa wiki, hao si wageni, wahesabu.

Hatua ya 2: Bajeti, na bei ni mwanzo tu wa gharama

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, pata makadirio ya bima kwa kila gari unalolifikiria. Watu huiacha hadi mwisho na ndiyo inayowashtua. Bima ya gari la umeme inaweza kuwa juu, kwa kuwa gari lenyewe ni ghali na mafundi wa kulirudisha barabarani baada ya ajali bado ni wachache. Ongeza kodi na usajili, sevisi, tairi, maegesho, na kushuka kwa thamani. Hilo la mwisho halikuletei bili, lakini kwa gari jipya kabisa ndilo linaloweza kula fedha nyingi kuliko yote katika miaka ya mwanzo.

Ukikopa, usijadiliane kuhusu rejesho la mwezi. Muuzaji akisikia rejesho unalolimudu, anachotakiwa kufanya ni kurefusha mkopo hadi namba iingie mfukoni mwako. Uliza swali moja: nikimaliza deni, nitakuwa nimetoa jumla ya fedha ngapi? Linganisha jumla hizo. Mkopo mrefu una hatari nyingine, kwamba utafika wakati unadaiwa zaidi ya thamani ya gari, na hapo hata kuliuza ni hasara.

Hatua ya 3: Gari litalala wapi?

Hapa ndipo suala la umeme linapoamuliwa kwa kiasi kikubwa. Kama una sehemu yako ya kuegesha na umeme unafika hapo, hali yako ni rahisi kuliko unavyodhani. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 ni kilowati 2.3. Gari likichajiwa usiku kwa muda wa saa kumi, mita yako itasoma uniti 23, yaani kilowati-saa 23. Sehemu hupotea njiani kama joto, betri ikapata kama 20. Gari la familia la ukubwa wa kati hutumia takribani uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Kwa hiyo usiku mmoja wa soketi ya kawaida unarudisha kilomita 100 au zaidi, na anayetembea kilomita 50 kwa siku hahitaji kufunga mtambo wowote. Kwenye nchi za volti 120 soketi ya kawaida hutoa kama kilowati 1.4, kwa hiyo kilomita nazo zinapungua.

Lakini soketi hiyo ikaguliwe na fundi umeme kwanza. Pasi au birika la umeme huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, gari huvuta saa nyingi mfululizo bila kupumzika. Kiungo kilicholegea ukutani, ambacho hakijawahi kukusumbua, kitapata moto. Soketi ya gari iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, na usitumie waya wa kuunganishia ule wa kukunjwa kwenye duara. Siku ya kwanza, baada ya saa moja, gusa plagi. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima na umwite fundi.

Anayetembea zaidi ya hapo, au mwenye tarifa ya umeme wa usiku wa bei nafuu kwa saa chache, ndiye atakayefaidika na chaja ya ukutani. Ya ampea 32 kwenye fezi moja hutoa kama kilowati 7.4, na ya fezi tatu za ampea 16 hutoa 11. Kabla ya kulipia kubwa, uliza gari lenyewe linapokea kiasi gani. Chaja iliyo ndani ya gari ndiyo inayoamua. Gari linalopokea kilowati 6.6 halitazidisha hapo hata ukiliunganisha kwenye chaja ya 22.

Mkazi wa ghorofa yenye maegesho ya pamoja, kazi yako ya kwanza ni kikao na wenye jengo, maduka ya magari yasubiri. Uliza nani atagharamia waya, mita itakuwa ya nani, na jengo lina nguvu ya kutosha magari kumi yakichajiwa pamoja. Ukipata jibu la maandishi, endelea. Ukipata "tutaangalia", hesabu kwamba huna.

Kwa anayeegesha barabarani na kazini hakuna chaji, maoni yangu ni haya: subiri, au chukua haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Inawezekana kuishi kwa chaja za umma pekee, wapo wanaoishi hivyo, lakini umeme wa chaja za haraka kwa kawaida ni ghali kuliko wa nyumbani, na kila wiki utatoa muda wako kulisubiri gari. Kwa mzazi mwenye watoto wawili wenye usingizi nyuma, huo muda una bei.

Umeme kukatika hakuvurugi mambo kama watu wanavyohofia, mradi betri inazidi mahitaji ya siku kadhaa. Ukikatika mara kwa mara kwa siku nzima, hapo hali ni nyingine.

Hatua ya 4: Hesabu ya mafuta na umeme

Huhitaji jedwali. Chukua gari la petroli linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, na la umeme la ukubwa huohuo linalochukua uniti 20 kutoka kwenye mita kwa umbali huo, upotevu wa kuchaji ukiwa ndani yake. Zidisha 8 kwa bei ya lita, zidisha 20 kwa bei ya uniti. Ukigawanya 20 kwa 8 unapata 2.5. Maana yake ni kwamba lita moja ya petroli ikiwa na bei kubwa kuliko uniti mbili na nusu, umeme ni nafuu barabarani. Rudia hesabu kwa bei ya chaja za umma, maana huko matokeo yanaweza kugeuka.

Sasa chukua tofauti ya bei ya kununua magari hayo mawili, igawanye kwa akiba unayopata kwa kila kilomita 100, kisha uzidishe jibu kwa 100. Hizo ndizo kilomita za kutembea kabla ya gari la umeme kujilipa. Rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza uone ni miaka mingapi. Ikitoka mitatu au minne, ni jambo la kuzungumzika. Ikitoka kumi na tano, umeme utaununua kwa sababu nyingine: ukimya, kukosa moshi, au kwa kuwa unaupenda. Hizo nazo ni sababu, usizivalishe tu nguo za akiba.

Gari la umeme halina oili ya injini, plagi za moto wala ekzosi. Breki zake hudumu, kwa kuwa mota yenyewe hulipunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Tairi ndizo zinazoisha upesi, kwani gari ni zito na linaondoka kwa nguvu. Na betri ndogo ya volti 12 bado imo. Ikifa hiyo, gari halitawaka hata kama betri kubwa imejaa.

Kati ya petroli na umeme kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Haibridi ya kawaida, aina iliyofahamika tangu Toyota Prius ilipotoka Japani mwaka 1997, haichomekwi popote. Hujichaji kwa breki na injini, na faida yake kubwa iko kwenye foleni za mjini. Haibridi ya kuchomeka ina betri kubwa zaidi, nyingi zikienda kama kilomita 40 hadi 80 kwa umeme pekee. Hiyo ni nzuri sana kwa mtu anayeichaji kila usiku. Asiyeichaji amenunua gari la petroli lililobeba betri nzito bure, na ukitazama wengi wanavyozitumia, afadhali wangechukua haibridi ya kawaida. Dizeli bado ina nafasi kwa safari ndefu na mizigo mizito. Kwa safari fupifupi za shule na sokoni ni chaguo baya, kwa sababu chujio lake la masizi linahitaji joto la safari ndefu ili lijisafishe, na lisipolipata huziba.

Hatua ya 5: Umbali halisi wa chaji moja

Namba iliyo kwenye tangazo ni ya maabara, na maabara hazifanani. Kipimo cha CLTC cha China kwa kawaida hutoa umbali mrefu zaidi, WLTP cha Ulaya hufuata, na EPA cha Marekani huwa karibu zaidi na barabara kuu. Usilinganishe gari lenye namba ya kipimo kimoja na lenye namba ya kipimo kingine.

Fanya hesabu yako. Chukua betri yenye uniti 60. Mjini kwa uniti 18 kwa kilomita 100, itakupeleka kama kilomita 330. Kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 120, ukinzani wa hewa hupanda mno na gari hilohilo linaweza kutumia 22 au zaidi, hivyo umbali unashuka hadi kama 270. Lakini safarini huendeshi kutoka chaji ya asilimia 100 hadi sifuri. Baada ya kituo cha kwanza utakuwa ukitumia kutoka asilimia 80 hadi 10, kwa kuwa juu ya 80 chaja ya haraka hupunguza kasi sana. Hiyo ni asilimia 70 ya betri, uniti 42, takribani kilomita 190 kutoka kituo hadi kituo. Baridi kali hupunguza zaidi. Sasa tazama safari yako ndefu kuliko zote. Kama mlikuwa mnasimama kila baada ya saa mbili kwa ajili ya choo na chakula, hakuna kilichobadilika, mradi chaja ziko pale mnaposimama.

Usihangaike na kilele cha kasi ya kuchaji, kilowati 150 au 250 zinazotajwa kwa mbwembwe. Gari hukaa kileleni dakika chache tu. Uliza: kutoka asilimia 10 hadi 80 ni dakika ngapi? Kisha angalia tundu la kuchajia. CCS2 ndiyo ya Ulaya na nchi nyingi, CCS1 na NACS ni za Amerika Kaskazini, CHAdeMO ilitoka Japani, GB/T ni ya China. Gari lililoagizwa kutoka soko jingine linaweza kuwa zuri kwa kila kitu isipokuwa kwamba hakuna chaja ya haraka nchini kwako inayoliingia.

Betri zenyewe ni za jamii mbili kubwa. Za LFP, zenye chuma na fosfeti, ni nzito kwa uwezo uleule lakini hudumu, na kwa kawaida watengenezaji hushauri zijazwe hadi 100 mara kwa mara. Za NMC, zenye nikeli na kobalti, hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, na kwa matumizi ya kila siku ni vizuri ziishie kama 80. Kwa familia ya mjini ningechukua LFP bila kusita. Dhamana ya kawaida ya betri ni miaka 8 au kilomita 160,000, betri ibakize angalau asilimia 70 ya uwezo. Isome, kwa sababu nyingine hufutika ukikosa sevisi moja. Ukinunua lililotumika, taka kipimo cha afya ya betri kilichosomwa na kifaa mbele yako, na uulize kama betri inapozwa kwa maji au kwa hewa tu. Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa 2010 haikuwa na upozaji wa maji, na kwenye nchi za joto betri zake zilichoka mapema.

Hatua ya 6: Watoto, buti na uzito

Nenda kwa muuzaji na viti vyenu vya watoto. Si picha zake, viti vyenyewe. Kifunge cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, halafu mrefu kuliko wote nyumbani akae kiti cha mbele yake. Magari mengi yanafeli hapa, magoti yanagusa dashibodi. Kama mna watoto watatu, viti vitatu vikae sambamba, kisha mkono wako ufike kwenye kifungio cha mkanda wa yule wa katikati. Usipofika leo kwenye chumba cha maonyesho chenye taa nzuri, hautafika kwenye mvua. Tafuta pia ndoano za ISOFIX, zile za chuma zilizojificha kati ya mgongo na makalio ya kiti: ziko ngapi, na kwenye viti vipi? Na kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele bila kuzima mfuko wa hewa wa upande huo.

Kwenye gari la viti saba, nyanyua safu ya mwisho kisha ufungue buti. Mara nyingi nafasi inayobaki inatosha mifuko ya shule tu. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo yake, au kitabu cha gari, uone uzito unaoruhusiwa kubebwa. Tuseme ni kilo 500. Watu wazima saba wa kilo 75 ni kilo 525. Umepitiliza kabla ya begi hata moja, na breki, tairi na sasponsheni hazikutengenezwa kwa hilo. Mzigo wa juu ya paa nao una kikomo chake, kwa magari mengi kama kilo 75 tu, kerea ikiwemo.

Hatua ya 7: Usalama

Tafuta matokeo ya majaribio ya ajali, na kabla ya kuhesabu nyota soma mwaka. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayofanya majaribio hayo na iliyotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1997, huongeza ugumu wa mtihani kila baada ya muda, kwa hiyo nyota tano za 2012 si sawa na tano za leo. Hakikisha pia matokeo ni ya gari linalouzwa sokoni kwako. Global NCAP imeonyesha mara kadhaa kwamba magari ya jina moja yanaweza kuwa dhaifu katika soko moja kuliko jingine, mifuko ya hewa ikiwa imepunguzwa.

Vitu ambavyo nisingevikubali vikosekane: mfumo wa ESC unaozuia gari kuteleza, mifuko ya hewa ya pembeni hadi viti vya nyuma, mkanda wa pointi tatu kwa kila kiti, na breki za kujifunga zenyewe zinapoona hatari mbele. Paa la kioo linaweza kusubiri.

Hatua ya 8: Fundi kwanza, rangi baadaye

Piga simu kwa mafundi wawili wasiohusiana na muuzaji. Waulize taa ya mbele, kioo cha mbele na bampa la gari hilo hupatikana kwa siku ngapi. Vitu hivyo ndivyo vinavyovunjika, injini hazivunjiki kila mwezi. Kwa la umeme, uliza nani hapo karibu ana mafunzo ya umeme wa volti kubwa. Kama jibu ni mtu mmoja aliye mbali, bei nzuri ya kununua haitakufariji.

Hatua ya 9: Kuliendesha

Dakika kumi kuzunguka jengo hazitoshi. Omba saa nzima na familia ndani. Pita kwenye barabara mbovu na yenye mwendo, panda mlima, rudi nyuma kwenye nafasi finyu. Kaa kiti cha nyuma wakati mwenzako anaendesha, kwa sababu huko ndiko watoto watakapotapika. Jaribu kupunguza kiyoyozi bila kuondoa macho barabarani: gari linalokulazimisha kupitia kurasa tatu za skrini kwa jambo hilo litakuchosha. Muuzaji akiongea sana, mwombe kwa upole abaki ofisini.

Hatua ya 10: Siku ya kulichukua

Nenda mchana, gari likiwa kavu, kwani maji huficha mikwaruzo. Linganisha herufi na tarakimu 17 za chesisi kwenye karatasi na zilizo kwenye gari lenyewe. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Gari "jipya" lenye tairi za miaka mitatu limesimama mahali kwa muda mrefu, na hilo ni jambo la kupunguziwa bei. Hesabu funguo. Nyanyua sakafu ya buti uone kama kuna tairi ya spea au chupa ya gundi tu, maana magari mengi ya umeme hayana spea. Kwa la umeme, waya wa kuchajia uwe umetajwa kwenye mkataba kwa aina yake na urefu wake, kisha lichomeke palepale mbele ya muuzaji na usubiri hadi lianze kupokea umeme, ndipo usaini.